Pena si huzuni tu: neno moja la Kihispania na diksionere zetu za haraka



Kwa magrupu yetu ya WhatsApp kunatembea zile picha za "maneno 100 ya Kihispania". Upande mmoja neno, upande mwingine Kifaransa, mara moja moja na Kiswahili chini yake. Kwa neno pena wanaandika tu: peine, huzuni. Kisha wanapita kwa neno la kufuata. Mimi nasema mstari wa namna ile ni mbaya kuliko kukosa mstari kabisa. Mtu asiyejua anauliza. Mtu aliyepewa nusu hajisumbui kuuliza tena, anafunga telefone na anaamini ameshajua.

Na pena si neno la pembeni. Ni neno la kila siku, liko ndani ya sheria, ndani ya mpira, kanisani, kwa wimbo, kwa kuomba radhi. Ukilitoa kama huzuni peke yake, nusu ya sentensi utakazosikia zitakupotosha. Wengi kati yetu tunajifunza Kihispania juu ya bursi, juu ya kazi, ama juu ya Barça na Real tu, haiko vibaya. Tusisahau pia kwamba Kihispania ni lugha rasmi hata hapa Afrika, kule Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake kwa Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri iko, na wanaolipwa kuifanya watatoka kati yetu.

Tuanze na kile tunachopata bure. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuko na ufunguo mkononi. Mfaransa anasema peine de mort, Mhispania pena de muerte. Mfaransa à peine, Mhispania apenas. Mfaransa ça vaut la peine, Mhispania vale la pena. Hata mama anayeuza makala, ukimpa bei ya kumchezea, anakujibu katikati ya Kiswahili chake: "Aaa mwanangu, c'est pas la peine." Hakusoma Kilatini, lakini neno la Kilatini anatumia sawasawa kabisa.

Maana ni Kilatini, poena, na Walatini walikuwa wameazima kwa Wagiriki, poinē. Hapa njo kitu kinachonifurahisha. Kwa Wagiriki wa zamani, neno hili halikuwa huzuni hata kidogo. Ilikuwa malipo ya damu: umeua ndugu ya mtu, unalipa jamaa yake. Ndani ya Iliadi, kitabu cha 18, Homeri anaeleza ngao ya Akile, na juu ya ile ngao kuna picha ya watu wawili wanabishana mbele ya wazee juu ya poinē ya mtu aliyeuawa. Kwa Warumi, sheria ya Mbao Kumi na Mbili iliweka poena ya shaba 25 kwa mtu aliyemtendea mwenzake ubaya mdogo wa mwili. Ni amande, kwa lugha yetu. Yeyote aliyekulia kijijini na akaona ugomvi unamalizwa kwa mbuzi mbele ya wazee, anaelewa poinē haraka kuliko prof mwenye vitabu kumi.

Kutoka pale neno likatembea. Malipo yakawa azabu. Azabu ikawa mateso anayoyasikia yule anayeazibiwa. Mateso ya mwili yakahamia moyoni, ikawa huzuni. Kisha, katika nchi nyingi za Amerika, ile huzuni ikageuka kitu kingine tena: haya. Mimi naona ile hatua ya mwisho si ya ajabu. Mtu anayeazibiwa mbele ya watu, kitu kinachomuuma zaidi mara nyingi si fimbo, ni macho ya watu. Lakini ile ni maelezo yangu mimi, msinishike nayo kwa egzame.

Sasa tuangalie diksionere yenyewe, ile kubwa ya Akademia ya Kifalme ya Uhispania, ambayo wote wanaikimbilia. Maana ya kwanza inayowekwa chini ya pena ni azabu inayotolewa kwa sheria. Huzuni inakuja nyuma. Ile ya haya inakuja mbali zaidi, na mbele yake wameweka alama ya nchi: Amerika ya Kati, Kolombia, Meksiko, Venezuela na kadhalika. Ile ya huzuni haina alama. Ni kama kusema: hii ni ya wote, ile ni ya wale kule.

Tuhesabu. Meksiko peke yake ina watu zaidi ya milioni 120. Kolombia karibu milioni 50, inalingana na Uhispania nzima. Watu wanaosema pena kwa maana ya haya ni wengi kuliko Wahispania wote, mara kadhaa. Lakini alama wanabandikwa wao. Najua watetezi watasema alama ni habari tu, si matusi: inakusaidia ujue neno linatumika fasi gani. Sawa. Basi juu ya nini maana zinazojulikana Uhispania tu mara nyingi kwa miaka mingi ziliandikwa bila alama yoyote, kama vile ndizo zinazotembea dunia nzima? Kalamu ilikuwa Madrid, njo jibu.

Na sisi tunajua jambo hili vizuri. Bukavu mtoto akisema "naenda ku masomo", anaenda shule, lile jengo lenye kuta na ubao. Fungua diksionere yoyote ya Kiswahili sanifu: masomo ni yale unayosoma, jengo ni shule. Basi mtoto amekosea? Mji mzima umekosea, na Goma, na Uvira? Tumefundishwa kuona haya juu ya Kiswahili chetu, tunakiita "Kiswahili cha hapa", kama vile cha kweli kinakaa ng'ambo. Mtu wa Bogotá anayesema pena kwa haya yuko ndani ya hali hiyohiyo, ila yeye hana shida nayo. Anaongea tu. Nawaambia kweli, pale ninamwonea wivu.

Turudi kwa neno, maana utamu uko ndani ya sentensi, si ndani ya orodha. Chukua sentensi hii ndogo: me da pena irme. Neno kwa neno: kuondoka kunanipa pena. Msichana wa Madrid akiisema mwisho wa vakansi, maana ni: inaniuma kuondoka. Mgeni wa Bogotá akiisema mezani wakati chakula bado kiko motoni, anaweza kuwa anasema: nasikia haya kuondoka mapema hivi. Maneno ni yaleyale, herufi kwa herufi. Wa kwanza anaonyesha upendo, wa pili anaomba radhi. Utatafsirije bila kujua anayesema anatoka wapi na yuko wapi? Hauwezi. Na ile programu ya kutafsiri ya telefone itakuchagulia moja bila kukuuliza, tena kwa ujasiri wote.

Ukiweka mtu mahali pa kitendo, maana inageuka tena. Me da pena ese niño: namwonea huruma yule mtoto. Hapa hakuna haya, hakuna azabu, na huzuni ni kidogo, kuna huruma. Kwa Kiswahili huruma na huzuni ni vitu viwili, kila kimoja na jina lake. Mhispania amevitia ndani ya kikapu kimoja na anategemea verbe imsaidie kutenganisha.

Wakolombia wako na moja ninaloipenda kuliko yote: qué pena con usted. Anaisema mtu aliyechelewa dakika tano, aliyekukanyaga mguu, anayetaka kukuuliza saa, hata yule anayetaka kukukataza kitu kwa heshima. Mtu wa Uhispania akiisikia mara ya kwanza anashangaa, maana kwake inakuwa kama "masikitiko gani haya na wewe!" Ukitaka kuielewa, fikiria pole yetu. Mtu amejikwaa barabarani, wewe uko mbali, haukumsukuma, lakini unasema pole. Mzungu anauliza: unaomba radhi ya nini, wewe umefanya nini? Hakuna. Ni mlango tu wa kuingilia kwa mwenzako. Tofauti ni kwamba pole yetu inaangalia aibu na maumivu ya yule mwingine, na ile ya Bogotá inaangalia haya ya yule anayesema.

Kuna fasi moja ambapo neno hili liligusa ardhi yetu moja kwa moja. Goma, watu wengi wamezoea kuona askari wa Uruguay wa MONUC, baadaye MONUSCO; walikaa pale miaka mingi. Na kulikuwa pia Waguatemala, kikosi maalumu. Nane kati yao waliuawa tarehe 23 Januari 2006 kule Garamba, katika mapigano na waasi wa LRA. Waruguay na Waguatemala, wote wanaongea Kihispania, bendera moja ya bluu juu yao. Lakini pena yao si moja. Mruguay akisema qué pena, anasema inasikitisha, ni hasara. Akiwa na haya, anatumia neno jingine kabisa, vergüenza. Mguatemala akikuambia no tenga pena, hakukatazi kuhuzunika. Anakuambia: usijali, hakuna shida, jisikie nyumbani. Ni neno la ukarimu la kila siku kwao, unalisikia dukani na kwa meza ya chakula.

Sasa uweke pale kati kijana wa kwetu, amejifunza kwa ile picha ya maneno 100, anatafsiri. Mama mmoja anaogopa kuingia ndani ya kambi kueleza kilichompata. Askari anamwambia kwa upole: no tenga pena. Kijana anageuza: "Anasema usiwe na huzuni." Mama aliyetoka kupoteza watu wake, anaambiwa na mgeni mwenye bunduki asiwe na huzuni! Ule ni mfano tu ninaoutunga, lakini kila mtu aliyefanya kazi ya kutafsiri kati ya wakimbizi na mashirika anajua vitu vya namna ile vinatokea, na anajua mama anafunga mdomo kwa sekunde gani.

Kwa upande wa sheria nitapita kwa haraka zaidi, ingawa hapa njo neno lilizaliwa. Katiba ya Uhispania ya 1978, kifungu cha 15, ilifuta pena ya kifo, isipokuwa kwa sheria za jeshi wakati wa vita. Na mwaka 1995 hata ile isipokuwa ikaondolewa. Venezuela ilikuwa imefuta mbele sana, mwaka 1863. Kifungu cha 25 cha katiba ileile ya Uhispania kinasema penas za gereza zielekezwe kumfundisha upya mfungwa na kumrudisha kati ya watu. Kwetu, waraka wa wizara ya sheria wa tarehe 13 Machi 2024 ulirudisha utekelezaji wa azabu ya kifo, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kusimamisha. Mimi sifanyi hapa mjadala ule, ingawa niko na yangu ya kusema. Naangalia lugha tu. Tunaposema peine de mort kwa Kifaransa, ama pena de muerte, neno lenyewe linabeba maumivu ndani, hata kama juje hataki. Tunaposema azabu ya kifo, tunasikia sheria na kosa. Na tukisema hukumu ya kifo, kama redio zinavyopenda, hata azabu imetoka, inabaki karatasi na muhuri. Mtu anayetafsiri habari ya namna ile anachagua kiasi cha maumivu ambacho msikilizaji atapewa. Wengi wanachagua bila kujua kwamba wanachagua.

Kwa mpira pia iko. Mwandishi wa michezo wa Uhispania, akichoka kuandika penalti, anaandika la pena máxima, azabu kubwa kuliko zote. Amerika ya Kusini wanasema penal. Na ninyi wafuasi wa Barça, muache kuchanganya na peña, ile yenye kamstari juu ya n. Peña ni mwamba, na pia ni kikundi cha wafuasi wanaokutana kutazama mechi. Telefone nyingi hazina ile herufi kwa karibu, mtu anaandika pena tu, na rafiki yake anasoma kwamba usiku wanakutana kwenye huzuni. Kwa timu nyingine ni kweli kabisa, lakini haikuwa nia yake.

Kuna na sin pena ni gloria, bila pena wala utukufu. Inasemwa juu ya mtu ama kitu kilichopita bila kuharibu na bila kung'aa. Waziri aliyekaa miaka mitatu na hakuna anayekumbuka jina lake. TFC iliyopata 12 kwa 20. Naiacha pale, tunajuana.

Sasa mashairi, kwa sababu pale orodha ya maneno 100 inakufa kabisa. Federico García Lorca alitoa kitabu chake Romancero gitano mwaka 1928, miaka minane mbele ya kuuawa karibu na Granada, Agosti 1936, vita ikiwa inaanza. Ndani kuna shairi linaloitwa Romance de la pena negra, lenye mwanamke Soledad Montoya, anayeshuka mlimani alfajiri na haijulikani anatafuta nini. Soledad ni jina la kawaida la mwanamke, na maana yake ni upweke. Lorca mwenyewe, akikisoma kitabu mbele ya watu, alieleza kwamba ndani yake kuna mhusika mmoja tu wa kweli, naye ni Pena, na akakataza watu waichanganye na melankolia ama kumbukumbu tamu za zamani. Kwake ilikuwa kitu kikubwa zaidi, akili yenye kupenda inayopigana na fumbo lisiloeleweka.

Utaandikaje kichwa kile kwa Kiswahili? Kwa Kifaransa ni bure: peine noire. Kwa Kiswahili, "huzuni nyeusi" inaanguka mara moja. Huzuni ni laini mno, ni ya mtu aliyekaa chini anaangalia dirisha, na Soledad hakukaa chini. Tena weusi wa moyo kwa Kiswahili unaelekea ubaya: mtu mwenye moyo mweusi si mwenye kuumia, ni mwenye kudhuru wengine. Msomaji atamwona Soledad kama mchawi. "Majonzi" ni mazuri lakini yanasikika kama tangazo la kifo redioni. "Jitimai" ni ya pwani, hapa wachache wataielewa.

Mimi ningechukua uchungu. Uchungu uko mdomoni, dawa ya malaria na majani ya mululuza. Uchungu uko tumboni mwa mama anayezaa. Uchungu uko kifuani mwa aliyefiwa, na kwa yule anayeona uchungu wa mali yake iliyoibwa kuna hasira ndani. Ni neno lenye mwili, kama pena. Linapoteza upande wa azabu, kweli. Linapoteza na haya pia, lakini Lorca alikuwa mtu wa Andalusia, haya haikuwa ndani ya pena yake, kwa hiyo pale hatujaiba kitu. Ninabaki na ule weusi. Labda "Uchungu wa giza". Labda kuacha rangi na kusema "Uchungu usio na mwisho", lakini pale tayari ninaandika shairi langu, si la Lorca.

Na kuna kitu kidogo ambacho Kiswahili cha pwani kingehangaika nacho, sisi hapana. Lola Flores, katika miaka ya 1950, aliimba wimbo uliojulikana sana, jina lake Pena, penita, pena. Penita ni pena ndogo, lakini si udogo wa kipimo. Ni udogo wa kubembeleza, kama mtu anayemshika mtoto wake anayelia, ila hapa anayeshikwa ni huzuni yenyewe. Kiswahili sanifu kingeleta ki-, na ki- mara nyingi inadharau. Sisi tuko na ka-. Tunasema katoto, kanyumba, kashida, na ndani ya ka- kunaweza kuwa dharau ama mapenzi, sauti njo inaamua. Uchungu, kauchungu, uchungu. Mimi nimeisema kwa sauti mara kadhaa na naona inasimama. Kama kuna wa Kalemie ama wa Kisangani mwenye neno bora kuliko hili, alete.